Nyumba ya kupanga ufukweni kusini mwa Kigoma: maji yanakata siku ya nne, umeme unazima saa 8 usiku. Tatizo ni wageni au nyumba?

#1 Mwl_Urambo
Wakuu, mwangaluka. Tunapanga kuchukua nyumba ya mapumziko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya Ilagala, mwezi Juni shule zikifunga. Watu 11: wazima 6, watoto 5, mdogo kabisa ana miaka 2. Siku 7. Umeme wa gridi haujafika, duka la maana hakuna, mtandao unashika ukipanda kilima.

Nyumba ina vyumba vinne, vyoo viwili vya kuflashi, simtanki la lita 2,000 juu ya mnara na pampu ya petroli ya inchi 2 inayovuta ziwani. Sola ni paneli 2 za wati 200, betri moja ya volti 12 ampea-saa 200, inveta ya wati 1,000. Friza ndogo ya lita 100, TV, taa nane.

Mwenye nyumba kanieleza wazi, na nampongeza kwa hilo: karibu kila familia kubwa ikija, maji yanakata siku ya nne na umeme unazima kati ya saa 8 na saa 9 usiku. Yeye anasema wageni wa mjini wanamwaga maji na kuacha taa zikiwaka, na kwamba kujaza tangi kila siku ni gharama. Mimi nasema tatizo ni nyumba. Wenye hesabu leteni hesabu. Na usafiri, chakula na kuogelea kwa watoto, karibuni pia.

#2 FundiJua_Kgm
Mwakeye mwalimu. Nianze na umeme.

Kinachoingia: paneli za wati 400 kwa jua la saa 5 nzuri ni wati-saa 2,000. Toa asilimia 30 ya joto, vumbi, waya na kontrola, inabaki 1,400 kwa siku.

Kinachotoka:
- Friza, wati 80, compressor ikifanya kazi nusu ya siku: 960
- Inveta yenyewe ikiwa imewashwa tu, wati 12 mchana na usiku: 288
- Taa 8 za wati 7, saa 5: 280
- TV wati 60, saa 4: 240
- Simu sita: 72

Jumla 1,840. Kila siku mnakula wati-saa 440 zaidi ya mnachovuna. Siku ya kwanza betri inakuwa imejaa kwa sababu nyumba ilikuwa tupu, hamuoni kitu. Usiku wa pili au wa tatu ndipo inakata. Na betri ya asidi ya 200Ah ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu unatumia nusu, yaani 1,200. Kutoka jua linapozama Kigoma, karibu saa 1 jioni mwezi Juni, hadi saa 8 usiku, zinatoka kama 950. Betri iliyochoka kidogo tu inazima hapo hapo.

Kwa hiyo si taa. Ni friza. Taa zote nane hazifiki theluthi ya friza.

#3 Waya_Mnene
Namheshimu fundi wa #2, hesabu yake ni safi, ila haielezi kwa nini inazima ghafla usiku wa manane badala ya kufifia. Mimi nashuku nyaya.

Friza ikiwasha compressor inavuta mara tano au sita ya wati zake kwa sekunde moja hivi. Wati 500 kwa volti 12 ni ampea 42. Nyumba nyingi za huku inveta imefungwa sebuleni na betri ipo stoo, mita 5, waya wa milimita 6 za mraba. Kwenda na kurudi mita 10, unapoteza volti 1.2 njiani. Betri ikiwa na 12.1 usiku, nayo yenyewe inashuka kidogo ikivutwa, inveta inaona chini ya 10.8. Inalia, inazima. Asubuhi ukipima betri unakuta 12.2 unashangaa.

Dawa: inveta isizidi mita moja na nusu kutoka kwenye betri, waya wa milimita 25 au 35, vichwa vya kopa vimebanwa kwa koleo lake, si kusokotwa kwa mkono.

Mwalimu, mwambie mwenye nyumba apime kwa mita pale inapozima, kwanza kwenye nguzo za betri, halafu kwenye nguzo za inveta. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ndio mwizi.

#4 Bomba_Safi
Nyie endeleeni na umeme, mimi nashika maji.

Watu 11. Choo cha zamani kinamwaga lita 9, kila mtu mara nne kwa siku: lita 396. Kuoga kwa ndoo lita 15 kila mtu: 165. Vyombo na kupika 60. Nguo za mtoto wa miaka 2 na mataulo: 80. Jumla lita 700.

Tangi la 2,000 halitoi 2,000. Toleo la chini liko juu ya kitako kidogo, na hapo chini kuna mchanga. Lita kama 100 hazishuki. 1,900 gawanya kwa 700 ni siku mbili na robo tatu.

Mwalimu, hebu tazama hiyo namba. Kama familia zinafika siku ya nne, basi wageni wanabana maji kuliko ninavyokadiria. Mwenye nyumba awaombe radhi.

#5 MamaMawese_Ujiji
Bomba_Safi, umesahau bafu la mvua. Bafu likiwepo hakuna anayeoga kwa ndoo. Kichwa cha kawaida kinatoa lita 8 kwa dakika, dakika tano ni lita 40. Vijana wawili wakioga mara mbili kwa siku ni lita 160.

#6 Bomba_Safi
Ni kweli mama. Ndiyo sababu hesabu inazidi kuwatetea wageni.

#7 Koki_Inavuja
Wote mnahesabu matumizi, hakuna aliyeuliza maji yanakwenda wapi watu wakiwa wamelala. Nyumba inayokaa tupu wiki kadhaa, mpira wa chini ya floti ya choo unakauka na kupinda. Maji yanapita polepole kwenye bakuli, hayaonekani, hayasikiki. Vyoo viwili vinaweza kula mamia ya lita kwa siku.

Kipimo cha bure: tia bluu ya kufulia kwenye tangi dogo la choo, usiflashi nusu saa. Bluu ikionekana kwenye bakuli, mpira umekwisha. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo, nunua miwili Kigoma mjini uende nayo.

Kipimo cha pili: saa 4 usiku, watu wakishalala, weka alama kwenye usawa wa maji ya tangi. Saa 12 asubuhi pima tena. Simtanki la lita 2,000 lina kipenyo cha mita 1.25 hivi, kwa hiyo kila sentimita moja ni lita 12.

#8 Nahodha_Kibirizi
Tangi halikuwahi kujaa. Hilo ndilo jibu langu.

Pampu inawashwa saa ngapi? Mlinzi wa nyumba akiiwasha alasiri, ziwa limeshachafuka, wimbi linachota mchanga na kuumimina kwenye chujio, au bomba linapata hewa. Pampu inanguruma, mlinzi anaona maji yanatoka juu kidogo, anazima, anasema limejaa. Nani alipanda mnara kuangalia?

Vuteni saa 12 asubuhi hadi saa 2, maji yakiwa yametulia. Chujio na futi valvu (ile inayozuia maji yasirudi ziwani) vining'inie kwenye dumu tupu linaloelea, mita moja chini ya uso wa maji na angalau nusu mita juu ya mchanga. Bomba la kuvuta liwe gumu lenye waya ndani, laini linajikunja likivutwa. Na pampu isikae juu sana: vitabu vyake vinasema inavuta mita 8, lakini hizo ni za usawa wa bahari na pampu mpya. Ziwa letu liko mita 770 na kitu juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Panga mita 5, usizidi 6.

#9 Bomba_Safi
Naongezea kwa nahodha. Pampu ya inchi 2 ikiwa nzima inajaza lita 2,000 kwa dakika kumi hivi, hata ikipanda mnara. Petroli haifiki nusu lita. Kwa hiyo dai la mwenye nyumba kuwa kujaza kila siku ni gharama halina uzito. Mwalimu, andikeni kwenye makubaliano: tangi linajazwa kila asubuhi, petroli lita 5 kwa wiki iko ndani ya bei.

#10 Muuguzi_Kasulu
Hapo kwa kujaza kila asubuhi ngojeni kidogo, kuna jambo la afya.

Mabuu ya kichocho yanaishi majini bila mtu kwa siku moja, mbili hivi, kisha yanakufa. Maji yaliyokaa tangini saa 48 yanafaa kuoga bila wasiwasi huo. Ukijaza kila siku na kuoga humo humo, umeondoa kinga ya bure. Kama mwenye nyumba anaweza kuongeza tangi la pili, moja lipumzike wakati lingine linatumika. Kama hawezi, chujio liwe mbali na majani na mbali na mdomo wa kijito.

Maji ya kunywa ni habari nyingine kabisa. Vijiji vya mwambao vimewahi kupigwa na kipindupindu mara nyingi. Ziwa kuwa jeupe hadi unaona mawe si ushahidi wa usafi. Chemsha.

#11 Mtu_wa_Katonga
Dada muuguzi, Ziwa Tanganyika halina kichocho. Kichocho ni Ziwa Victoria. Maji yetu yana chumvichumvi ya magnesi, konokono wale hawakai.

#12 Muuguzi_Kasulu
Ndugu wa Katonga, konokono wa kichocho cha tumbo wapo kwenye vijito vinavyoingia ziwani na kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na wagonjwa wapo mwambao wa Kigoma. Ulichosema kina sehemu ya ukweli: ufukwe wa mawe wenye wimbi, mbali na kijito na mbali na mwalo, hatari ni ndogo zaidi. Ila "halina" ni neno zito mno kwa mzazi mwenye watoto watano.

Watoto waogelee asubuhi mapema, kwenye mawe au mchanga ulio wazi. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ndipo mabuu hutoka kwa wingi kwenye konokono. Wakitoka majini wajifute kwa taulo mara moja, wasikaukie juani. Na wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi wapeleke choo na mkojo maabara, kabla ya hapo kipimo kinaweza kusema hakuna kumbe wapo.

#13 Asali_Sikonge
Je, ule muwasho wa ngozi wanaopata wageni baada ya kuogelea ndio kichocho?

#14 Muuguzi_Kasulu
Unaweza kuwa mabuu ya kichocho cha ndege, yanaingia kwenye ngozi ya mtu na kufia hapo. Unaweza kuwa wa kichocho chenyewe. Unaweza pia kuwa mwani au sabuni. Kwa macho huwezi kutofautisha.

#15 Nahodha_Kibirizi
Wengine wanasema ni wale kiwavi maji (viumbe laini kama ute, jamii ya konyeza) wadogo wanaong'aa, wa duara. Wapo kweli ziwani, hawafiki upana wa sarafu mbili, lakini hawaumi mtu. Mimi naona ni mwani unaokuja na upepo.

#16 Mtu_wa_Katonga
Na mimi naona ni sabuni mnazokuja nazo kutoka Tabora. Maji ya ziwa hayapatani nayo, inaganda kwenye ngozi.

#17 Asali_Sikonge
Tabora tuna asali, sabuni tunanunua kwenu Kigoma za mawese.

#18 Kemia_ya_Maji
Turudi kwa muuguzi #10 kuhusu kuchemsha, maana gesi haijahesabiwa.

Watu 11 kwa lita 3 kila mmoja, pamoja na kusukutua na kuosha matunda, ni ndoo mbili za lita 20 kila siku. Kuchemsha lita 40 kwa jiko la gesi, joto nusu likipotea pembeni ya sufuria, ni karibu nusu kilo ya gesi. Siku 7 ni kilo 3.5 za maji tu. Mapishi: figa moja kwenye moto wa kati linakula kilo 0.2 kwa saa. Mafiga mawili saa mbili kwa siku ni kilo 0.8, wiki ni kilo 5.6. Jumla mnapita kilo 9. Mtungi wa kilo 6 utawaacha siku ya tano. Chukueni wa kilo 15, na maharage yalowekwe tangu jana yake.

Wanaotaka kukwepa kuchemsha kwa kutumia vidonge vya klorini, jueni hili: maji ya Tanganyika ni ya magadi kidogo, pH inakaribia 9. Klorini ikiwa kwenye maji ya namna hiyo inakuwa dhaifu sana, sehemu yake yenye nguvu ya kuua inabaki kidogo. Dakika 30 za kwenye pakiti si za maji haya. Acheni saa moja na nusu hadi mbili, ndoo imefunikwa, na mkifungua muisikie harufu hafifu ya klorini. Msipoisikia, ongezeni dozi kama pakiti inavyoelekeza kwa maji yasiyo safi.

Mimi nafanya hivi: ya kunywa chemsha, ya kuosha vyombo na mboga tia klorini.

#19 MamaMawese_Ujiji
Mkaa hamuutaji? Maji yachemshwe kwa mkaa jioni, jiko likiwa limeshapika maharage. Gesi iwe ya chai ya asubuhi na uji wa mtoto. Gunia moja linatosha wiki na linabaki. Jiko liwe nje, si ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha kwa sababu ya upepo. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu wakiwa usingizini.

Chakula sasa. Ugali kwa familia hiyo ni kilo 2 za unga kwa mlo: wazima gramu 200, watoto 100, na kidogo cha akiba. Wali kilo 1.5. Vitunguu, nyanya za siku tatu za kwanza, kisha bilinganya na kabichi ambazo zinavumilia. Mawese lita 3, ndugu zangu wa Tabora mkipika migebuka kwa mafuta ya alizeti mtakuwa mmeikosea heshima.

Lakini samaki Juni? Angalieni kalenda. Mwaka 2024 ziwa lilipumzishwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ikitangazwa hivyo na safari hii, hamtapata mgebuka wala dagaa mbichi. Nunueni dagaa wakavu kilo 3 Kigoma sokoni kabla ziwa halijafungwa, au pangeni kwa kuku na maharage.

#20 Mwl_Urambo
Mama asante, hilo la kufungwa halikuwa kwenye daftari. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ndiyo inayotangaza, sivyo?

#21 MamaMawese_Ujiji
Ndiyo. Sikiliza redio au muulize ofisa uvuvi wa wilaya. Usiulize mchuuzi, yeye atakuambia wapo.

#22 Treni_ya_Kati
Usafiri. Urambo hadi Kigoma kwa treni inapita Kaliua, Malagarasi, Uvinza. Kwa watoto watano treni ni bora kuliko basi, wananyoosha miguu. Mizigo mikubwa (mtungi, gunia, ndoo) msilundike kwenye behewa la abiria. Mtungi wa gesi hasa hauruhusiwi, mchukue Kigoma.

Na kama MV Liemba itakuwa imerudi ziwani, mngeenda nayo kusini, watoto waone meli iliyotengenezwa na Wajerumani mwaka 1915.

#23 Makumbusho_Ujiji
Sahihisho dogo: ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa meli na kwa reli, ikaunganishwa Kigoma na kuingia majini 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiinua 1924, ikaanza safari kwa jina la Liemba 1927. Kabla ya hapo iliitwa Graf von Götzen.

Msipange safari ya watoto kwa meli ambayo ratiba yake hamjaithibitisha bandarini wiki hiyo hiyo.

#24 Nahodha_Kibirizi
Kwa boti ya mbao kwenda kusini sikilizeni masharti yangu.

Ondokeni alfajiri. Juni ni msimu wa kusi, na kuanzia saa 5 au 6 mchana ziwa linaanza kuinuka. Boti ikitoka Kigoma saa 4 kwa sababu abiria wamechelewa, mtakutana na wimbi katikati ya safari.

Jaketi okozi kwa kila mtu, na za watoto ziwe za watoto. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka 2 linapanda juu na kumwacha chini. Jaribuni nchi kavu: lifunge, mshike mabegani kwenye jaketi umnyanyue. Masikio yakipotea ndani ya jaketi, halimfai. Kanda ya katikati ya mapaja ni lazima kwa mdogo.

Uliza injini ya akiba, uliza petroli, hesabu watu. Kingo ya boti iwe juu ya maji angalau nusu mita baada ya kupakia. Ikiwa chini ya hapo, shukeni, subirini nyingine. Nahodha mzuri hatakasirika.

#25 Hewa_na_Mawingu
Nahodha, kusi si sababu pekee ya ziwa kuchafuka mchana. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inavutwa kutoka ziwani kuelekea pwani. Usiku inageuka, inashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Ndiyo maana hata miezi isiyo na kusi mchana kuna wimbi.

#26 Nahodha_Kibirizi
Upepo wa ziwani unaleta wimbi dogo la pwani. Wimbi linalopindua boti Juni ni kusi, linakuja kutoka mbali, ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, linapata nafasi ya kukua.

#27 Hewa_na_Mawingu
Vyote viwili vikikutana mchana ndipo pabaya. Bado nasema joto la nchi kavu ndilo linaloamua saa.

#28 Dereva_Uvinza
Barabara ipo. Kigoma, Simbo, Ilagala, kisha mnashuka kusini. Pale Ilagala kuna kuvuka Mto Malagarasi, ulizieni hali ya kivuko siku moja kabla, na mfike mapema. Juni ni kiangazi, njia inapitika, lakini gari la chini litagonga. Magurudumu mawili ya akiba, jembe, kamba.

Mdomo wa Malagarasi na mabwawa yake kuna mamba na viboko. Nyumba iliyo karibu na delta hiyo, watoto wasiguse maji kabisa, hata ukingoni, na jioni mtu asitembee kati ya kiboko na maji.

#29 Mtu_wa_Katonga
Na swila wa maji kwenye mawe. Ana sumu, lakini anakula samaki, anamkimbia mtu. Watoto wasiingize mikono kwenye mianya ya mawe, basi.

#30 Asali_Sikonge
Kwa hatari zote hizi si bora kwenda Ziwa Natron, jangwa zuri, heroe wengi?

#31 Kemia_ya_Maji
Natron huwezi kuogelea, magadi yake yanachoma ngozi na macho, na maji yote ya matumizi ya nyumba unayabeba au kutegemea vijito. Ukitaka ziwa la jangwani lenye nyumba za wageni ufukweni liko Turkana, Kenya, nako upepo ni mkali na mamba ni wengi. Tanganyika angalau maji ya kuoga yako mlangoni.

#32 Mipaka_na_Mikataba
Mambo ya karatasi yanasahaulika. Kigoma ni mkoa wa mpakani, upande mmoja Burundi, ng'ambo ya ziwa Kongo. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha NIDA, kila mtoto cheti cha kuzaliwa au nakala. Mkifika kijijini, mpelekeeni mwenyekiti au mtendaji majina yenu siku hiyo hiyo.

Malipo: amana isizidi theluthi, nyingine mkiona nyumba. Mwenye nyumba awapigie video akiwa anafungua bomba, anawasha inveta, anaonyesha ufukwe. Kwenye makubaliano andikeni nani analipa pampu ikigoma na mnarudishiwa nini maji yakikosekana siku nzima.

Ulizeni pia nyumba iko mita ngapi kutoka majini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Nyumba iliyo mita 15, ziwa likipanda shimo la choo linajaa maji, na hapo hata kuflashi hakuna.

#33 Koki_Inavuja
Hilo la mwisho ni muhimu. Ziwa lilipanda miaka ya 2020 hadi 2024, Kibirizi na Katonga waliona. Kuna nyumba ambazo choo kinarudi tangu hapo na watu wanamwaga ndoo mbili badala ya moja. Huenda nayo ni sababu ya maji kuisha.

#34 Hewa_na_Mawingu
Lilipanda kwa mvua. Maji mengi ya ziwa hili yanaondoka kwa mvuke, mvua zikizidi mfululizo lazima lipande.

#35 Dereva_Uvinza
Tunasikia ni mto Lukuga kule Kalemie umezibwa na tope. Ndio mto pekee unaotoa maji.

#36 Makumbusho_Ujiji
Ina historia hiyo. Karne ya 19 Lukuga ilikuwa imeziba, ziwa likawa juu sana, lango likapasuka miaka ya 1870 mwishoni na maji yakashuka mita kadhaa. Lakini safari hii mvua zilikuwa kubwa kweli. Sijaona wa kunishawishi kuwa ni moja tu.

#37 Mwl_Urambo
Wakuu, mwenye nyumba amepima leo, nyumba ikiwa na mlinzi peke yake. Nimeleta namba kama zilivyo:

- Tangi saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi limeshuka sentimita 9.
- Bluu imeonekana kwenye choo cha chumbani, choo cha nje hakuna.
- Umeme umezima saa 8:40 usiku. Betri 11.9, kwenye inveta 11.3.
- Betri ina miaka mitatu. Paneli ziko upande wa paa unaotazama kusini.

#38 Koki_Inavuja
Sentimita 9 ni lita 108 kwa saa nane. Kwa siku nzima zaidi ya 300. Nilisema.

#39 Bomba_Safi
Choo kimoja tu ndicho kimeonyesha bluu. Lita 300 kwa mpira mmoja ni nyingi, ungeisikia ikichuruzika. Mimi nadhani kuna bomba la chini ya ardhi kati ya mnara na nyumba linavuja pia.

#40 Waya_Mnene
Tofauti ya volti 0.6, imepita nusu volti! Compressor ya friza ikiwaka inapanda zaidi. Waya.

#41 FundiJua_Kgm
Betri 11.9 saa 8:40 usiku na mlinzi peke yake ni betri iliyokwisha, haihitaji waya mbovu kuzima. Na paneli zinazotazama kusini mwezi Juni, jua liko kaskazini yetu, mnapoteza mavuno mengi. Zihamishiwe paa la kaskazini, mwinuko nyuzi 10 hadi 15, zipanguswe kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji. Friza izimwe saa 4 usiku, iwashwe saa 3 asubuhi, chupa sita za maji yaliyoganda zikae ndani zishike baridi. Fanyeni hayo kabla ya kununua waya au betri.

#42 Waya_Mnene
Waya wa mita 3 ni bei ndogo kuliko kuhamisha paneli. Aanze na waya.

#43 Nahodha_Kibirizi
Na hakuna aliyesema kama tangi lilikuwa limejaa hadi juu kabla ya kupima. Mlinzi alipanda?

#44 Bomba_Safi
Mwalimu, mwambie leo usiku afunge koki ya kuingiza maji kwenye vyoo vyote viwili, aweke alama upya, apime asubuhi. Likishuka tena bila vyoo, afunge koki ya chini ya mnara usiku wa pili. Lete namba za usiku zote mbili, na aandike saa aliyojaza.